Kupropozi si Kuposa

Visiga, Kibaha
13 Oktoba 2024

Seifu amepropozi.

Nimeanza na hilo kwa sababu lisingekaa tumboni mpaka mwisho wa salamu. Sasa shikamoo kaka Mwinyimadi. Habari za Chole, habari za wifi, habari za mihogo? Sisi huku Visiga wazima. Genge langu linakwenda, maandazi yanaisha kabla jua halijapanda, na barabara ya Morogoro nzima inajua kwamba mama Seifu ana mtoto.

Nakuandikia kwa sababu nilikupigia, nikasema neno hilo moja, simu ikakatika. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Najua kwako simu ni ya bei ya mihogo na ya misiba, mambo ya ndoa huandikwa. Basi nimeandika. Salehe anakuja huko kununua mihogo, atakupa mkononi.

Kaka, ungeona. Bustani ya hoteli, maputo mekundu na meupe, mwanangu kavaa suti ya rangi ya maziwa. Mtoto niliyemlea peke yangu tangu babake atutoke, leo anafanya kazi Kwala kwenye makontena na bado anakumbuka kuja kunitazama kila Ijumaa. Akapiga goti moja, akafungua kikasha, pete inametameta. Binti anaitwa Naila, anafundisha watoto wa chekechea. Babake ni Mzee Halidi, Mnyamwezi aliyehamia Magindu na ng'ombe wake, kwa hiyo ni watani zetu sisi Wazaramo, hata tukikosea watatucheka tu. Naila akaziba uso, akalia, akatoa kidole. Watu makofi. Hiyo video nimeitazama mpaka simu ikazima. Yako ya tochi haiwezi kuipokea, ndiyo maana nakusimulia.

Unajua mimi niliishia la saba, lakini sikubali neno linipite. Nimeuliza saluni, wakaniambia kupropozi ndiko kuposa kwa Kiingereza. Basi. Mwanangu kaposa, kajibiwa, mambo yamekwisha, tena kwa Kiingereza. Nani katika ukoo wetu amewahi?

Jumapili ijayo nakwenda Magindu kuwaamkia wakwe. Nawapelekea jogoo wangu mwekundu, yule ninayemnyima kila mtu. Wewe jiandae kwa harusi tu. Safari hii kazi ya mjomba imerahisishwa.

Mdogo wako,
Mwanamkuu


Chole, Kisarawe
29 Oktoba 2024

Kwako Mwanamkuu,

Marahaba. Sisi wazima. Barua yako imechelewa, gari la Salehe lilikwama kwenye tope. Korosho zimeanza kuanguka. Nguruwe pori wamepita shamba la bondeni, wamefukua mihogo, wameacha majani kama watu wenye adabu. Wifi yako anakusalimu, anasema ukindu wa mkeka wako umekauka vizuri.

Simu haikukatika. Niliikata.

Sasa nijibu. Barua ya posa iliandikwa na nani? Ilifungwa kwenye kitambaa gani, ikapokewa na mkono wa nani? Nani alikaa kwenye baraza la watu akaambiwa, "Nendeni, tutawaita"? Kwetu sisi mama haposi, na kijana mwenyewe haposi. Mjomba ndiye anayevaa kanzu akaenda. Hilo hukufundishwa saluni, ulilikuta nyumbani.

Umenieleza suti, umenieleza maputo, umenieleza goti. Katika hiyo video yako Mzee Halidi amesimama upande gani? Na mkewe amekaa wapi?

Unasema kazi ya mjomba imerahisishwa. Siku ile Seifu anatoka jandoni, begani kwa nani alipanda? Nilikuwa nimerahisishiwa siku hiyo?

Magindu, kama hujaenda, usiende.

Mwinyimadi


Visiga
20 Novemba 2024

Kaka, shikamoo, ingawa barua yako haikustahili shikamoo.

Huku wazima. Mvua za vuli zimenyesha kidogo, mchicha umeota mpaka mlangoni. Seifu kaongezewa cheo, sasa anasimamia wenzake, wengine wana ndevu. Kaka anapopata mpwa wa namna hiyo hushukuru Mungu, haandiki maswali kama askari wa barabarani.

Barua yako ilinikuta nimeshakwenda Magindu. Nilifika. Njia nzuri, ng'ombe wengi, watu wana nyumba ya bati jipya. Hilo limekwisha, tusilirudie.

Unaniuliza kitambaa. Kaka, dunia imekwenda. Vijana sasa wanaongea wenyewe, wana midomo. Wewe unataka kuposa kama mtu anayenunua shamba, mashahidi huku na mashahidi kule, mwenye kuolewa amefungiwa chumbani anasikiliza kwenye ufa wa mlango. Mwanangu alisimama hadharani. Alipiga goti, ndiyo. Kuna ubaya gani? Au unamwonea wivu kwa sababu lako limeshakuwa gumu?

Nilikuwa nakupangia kukaa meza ya mbele siku ya harusi. Sasa sijui.

Naishia hapa. Nina usingizi, jogoo wangu ananiamsha mapema mno siku hizi, hata majirani wanalalamika. Mwambie wifi mkeka wangu nautaka bado, yeye sina ugomvi naye.

Mwanamkuu


Chole
15 Desemba 2024

Mwanamkuu,

Marahaba. Korosho tumeuza. Wifi yako alikuwa na homa, amepona. Goti langu ni zima, linasujudu kila siku.

Sasa niambie: jogoo gani anayewaamsha majirani? Mwekundu ulimpeleka Magindu, na wewe hujawahi kufuga majogoo wawili, unasema watapigana. Nimemuuliza Salehe. Kasema kamwona kwako kwa macho yake, mwekundu, mkia umepungua manyoya. Kuku wa zawadi harudi nyumbani kwa miguu yake.

Kwa hiyo nimeelewa, hata usiponiambia. Umekwenda kukaa kwenye mkeka wa watu na kuwaita wakwe, watu ambao hawajasikia neno. Jina letu sasa liko Magindu, linazungumzwa kwenye zizi la ng'ombe.

Nikaona nisikasirike bure kwa neno nisilolijua. Nimekwenda kwa Mwalimu Gregori anayefundisha Kiingereza hapa. Nikamwambia, "Mwalimu, nifundishe neno hili kama unavyomfundisha mtoto wa kidato cha kwanza, maana yake na linavyotumika." Hakucheka. Akasema kupropozi ni kuweka shauri mbele ya mwenzako, ukasubiri akubali au akatae. Mtu anaweza kupropozi kikao, anaweza kupropozi bei, anaweza kupropozi jina la mwenyekiti. Ndoa ni mojawapo tu.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo aliyepropozi ameshapata?"

"Hapana mzee. Amesema tu."

"Nipe mfano."

Akafikiri. Kisha akasema, "Mwaka juzi, Mzee Mwinyimadi, ulituambia kwenye mkutano wa kijiji kwamba utachimba kisima nyuma ya nyumba yako. Ulipropozi kisima."

Nikaelewa, nikaondoka. Wifi yako bado anachota maji bondeni.

Ndiyo hivyo. Akiposa mtu, inajibu nyumba. Akipropozi mtu, anajibu mtu. Mwanao amejibiwa na mtu mmoja, wewe ukaenda kuidai nyumba nzima na jogoo kwapani. Saluni walikupa nusu ya neno, na wewe hukuuliza nusu ya pili kwa sababu nusu ya kwanza ilikupendeza.

Niandikie kilichotokea huko. Chote.

Mwinyimadi


Visiga
4 Januari 2025

Kaka, shikamoo. Mwaka mpya umefika, hatujambo. Pole kwa homa ya wifi. Ningekuja kumtazama, ila nyumba yako siku hizi ina kesi.

Haya. Unataka kusikia, sikia, na ukicheka usiniandikie.

Nilivaa kanga zangu mpya. Jogoo nimemfunga miguu kwa kipande cha leso safi. Nikafika, nikapiga hodi kwa sauti, "Hodi wakwe." Mama Naila, anaitwa Hamisa, alikuwa uani anachambua choroko. Akaniambia, "Karibu mgeni."

Nikasema, "Mgeni tena? Mimi mkwe wako, mama Seifu."

"Seifu yupi?"

"Seifu aliyempropozi Naila."

Ungo ukateremka. "Amemfanya nini mwanangu?"

Kaka, hapo ndipo nilipojua kuna jambo. Nikamwambia kwa Kiswahili, amemposa. Akanitazama kwa upole, upole ule unaouma, akaniuliza, "Kwa nani?"

Nimetafuta jibu la swali hilo tangu siku ile, nikiwa nakanda unga, nikiwa nafagia. Kwa nani?

Mzee Halidi akatoka zizini. Hakunitukana, heri angetukana, mtani akikutukana unajua mko pamoja. Aliniita dada. Alisema, "Dada, binti yangu ana pete, alituambia ni ya urembo. Nyumba hii haijapokea neno. Na nyumba ambayo haijapokea neno haipokei kuku." Akamwinua jogoo taratibu, akanipa, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Wakanisindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote. Ng'ombe wote wananitazama.

Ndivyo ilivyokuwa. Umefurahi?

Nilirudi nikamsimamisha Seifu mlangoni, na suti yake. Akaniambia, "Mama, kupropozi ni mimi na Naila. Nyinyi mnakuja baadaye." Nikamuuliza, "Baadaye lini? Siku ya kuosha masufuria?" Mimi nimejigamba barabara nzima, saluni, msikitini, mpaka kwa wauza mkaa. Alinisikia najigamba, akanyamaza, kwa sababu alipenda kusikia anasifiwa. Nimemwambia hivyo. Hakuja Ijumaa mbili.

Naila alikuja mwenyewe, peke yake, amejifunika vizuri, akakaa chini. Akanipunguzia hasira kidogo. Alisema, "Mama, Seifu aliniuliza nikamjibu ndiyo. Ile ndiyo ni yangu. Ya nyumbani bado, na sikumwambia baba kwa sababu niliogopa." Kisha akanipa neno la babake: kabla ya mfungo aje mtu mzima mwenye barua. Asipokuja, kuna barua nyingine imetoka Tabora, imewekwa sandukuni haijafunguliwa, na Mzee Halidi ataifungua. Wenye barua hiyo wamefuata kila hatua, kitambaa na yote. Binti hawataki, hata sura ya kijana hajaiona. Lakini babake akishaifungua na kuijibu, Naila hatamvunjia neno lake. Aliposema hivyo alikuwa anaizungusha ile pete kidoleni, anaizungusha, mpaka nikamshika mkono.

Kaka, mwanangu atampoteza. Ndiyo hali ilivyo.

Na sasa nikuulize na mimi. Salehe kaponyokwa na neno. Kumbe tangu Idi iliyopita umeshonesha kanzu mpya, imekunjwa kabatini na vipande vya udi, wifi haruhusiwi hata kuipangusa vumbi. Kanzu ya nini, kama si kusubiri siku ya kumposea Seifu? Kwa nini hukusema, "Dada, imeniuma"? Badala yake unaniandikia habari za nguruwe, na mwalimu, na kisima. Kisima chenyewe kichimbe.

Mimi nina hasira kuliko wewe. Wewe umeaibika kwa kusikia, mimi nimeaibika kwa miguu yangu, kwenda na kurudi.

Sikuombi. Nakukumbusha tu kwamba Seifu ana mjomba mmoja.

Mwanamkuu


Chole
27 Januari 2025

Mwanamkuu,

Marahaba. Wifi yako mzima. Mkeka umekwisha, ameweka ukingo mwekundu, anasema ni kwa kumbukumbu ya jogoo. Mimi sikucheka, amecheka yeye.

Habari ya kanzu sijibu. Salehe nimemkataza kula kwangu.

Seifu alikuja. Sijui kama ulimtuma, nadhani hukumtuma, kwa sababu alikuja na sukari kidogo na hofu nyingi. Pikipiki imemmwagia tope mpaka masikioni. Alipofika barazani akaanza kuinama, nikamwambia, "Simama. Goti umeshalitumia."

Akasimama. Nikamwambia, "Hukuniuliza." Akasema ndiyo. Nikamwambia, "Ulimwita mpiga picha, hukumwita mjomba." Akasema ndiyo. Nilitaka abishe nipate pa kumshika, hakubisha.

Nikampa kisu, tukamenya mihogo, mimi na yeye. Rundo likaisha. Ndipo akasema, "Mjomba, nilitaka nimuulize yeye kwanza. Ukienda wewe na kanzu, babake akakubali, yeye atasema nini? Atasema ndiyo ya heshima. Mimi nilitaka ndiyo isiyo ya heshima."

Hasira ikanizidi. Nikamwambia akaoge.

Nikamfuata wifi yako jikoni. Nikamuuliza, "Wewe, nilipokuposa, kuna mtu alikuuliza?"

Akasema, "Umechelewa, baba."

Nikasema, "Nauliza sasa."

Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Alichonijibu sikuandikii.

Usidhani nimepoa. Kijana alianza vizuri akaharibu njiani. Ukishamuuliza binti, unainuka, unapangusa goti, unakuja kwa mjomba. Hukai kwenye maputo ukasubiri makofi. Na wewe uliposikia makofi ukadhani ni ndiyo ya ukoo mzima. Hilo sijasamehe bado, nikisamehe nitakuandikia.

Barua ya Mzee Halidi nimeiandika mwenyewe, kwa wino, nimeifunga kwenye kitambaa cheupe. Kwanza nimeomba radhi ya miguu yako iliyotangulia, kisha nimeomba siku. Kuna shauri jingine nimeweka mle ndani, akilikubali mtalijua. Salehe ndiye ataifikisha Magindu. Nimemwambia asisimame popote kuongea. Ameapa, na ninyi mnajua viapo vya Salehe.

Jibu litapitia kwako.

Mwinyimadi


Visiga
12 Februari 2025

Kaka, shikamoo.

Wifi mwambie mkeka umefika na ukingo wake nimeuona, na tutaonana. Seifu amerudi kuja Ijumaa, anakula, ananawa, hanitazami machoni. Sijapoa, ila nimempikia.

Mzee Halidi kajibu, siku katupa. Kaleta mwenyewe mpaka gengeni kwangu, mbele ya wateja, amevaa koti. Nilidhani amekuja kuniaibisha tena. Akakaa kwenye kigoda, akaagiza chai na maandazi, akala, akasema, "Nyie Wazaramo, mnaanza kula kabla ya kunawa, tangu babu zenu." Nikamwambia, "Na nyie Wanyamwezi mlitembea kwa miguu mpaka pwani kuja kutuomba chumvi." Wateja wakacheka, yeye akacheka. Kaka, nilikaribia kulia kwenye karai la mafuta. Nilijua basi, tumeshatukanwa, tuko pamoja. Maandazi sikumtoza.

Barua ya Tabora ataijibu kulingana na itakavyokuwa siku hiyo. Alinionyesha bado imefungwa.

Lakini nimekukasirikia upya. Kumbe kwenye ile barua yako ulimwomba Mzee Halidi kwamba siku hiyo, kabla nyumba haijatoa jibu, binti aitwe barazani aulizwe mbele yetu sote, na akisema hapana turudi na kitambaa chetu bila chuki. Kanisomea mwenyewe. Alisema, "Shauri hili sijalisikia kwa mzee yeyote, nimekaa nalo siku kadhaa, nimelikubali." Nikamwambia ndugu yangu huyo, ndivyo alivyo, hutamjua mpaka aandike. Nilijigamba, nisingeacha. Lakini kaka, umempropozia mtu mzima shauri zito hivyo na hata dada yako hukumwambia. Umelitumia neno la Seifu sawasawa, hukulitaja. Wote mmenipita kwa neno hilo, na mimi ndiye niliyelileta.

Na kama Naila atasema hapana mbele ya watu? Nimemuuliza Seifu hivyo. Kawa mweupe kama ile suti. Kasema, "Basi itakuwa hapana, mama." Nikaona amekuwa mtu mzima, nikamkasirikia kwa hilo pia.

Mambo ya kushika ni haya. Kanzu uivae, usije na visingizio vya nondo. Jogoo utambeba wewe, Mzee Halidi kasema anamdai, na mimi ile njia siipiti tena na kuku kwapani. Mimi nitakaa nyuma na wanawake, sitasema neno mpaka niulizwe. Usicheke. Wifi aje, nataka kumuuliza alichokujibu jikoni. Mwalimu Gregori aje, tumemtaabisha. Salehe aje, lakini akae upande wa ng'ombe.

Dada yako,
Mwanamkuu

Kwa hasira nimefunga barua bila kusema lenyewe. Ni Jumamosi, tarehe 22 Februari, saa nne asubuhi, Magindu kwa Mzee Halidi. Tunatarajiwa wote.